Pikipiki imepimwa kelele. Je, sikio la mwanao?

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane kliniki Jumatatu asubuhi. Wikendi walikuwa wametazama mashindano ya pikipiki za motokrosi. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akilalamika kwamba kuna nyenje anayelia ndani ya sikio lake la kushoto, na nyumbani ilibidi aitwe mara mbili ndipo ageuke.

"Lakini daktari," mama akaniambia, "hizo pikipiki zilipimwa kelele kabla ya mashindano. Niliona kwa macho yangu mtu akizipima moja moja."

Alisema kweli. Zilipimwa, na huenda zote zilipita. Wazazi wengi hudhani kwamba chombo kikishapita kipimo, basi wanaokitazama wako salama. Sivyo, na msimu huu ambao familia nyingi hupakia watoto garini kwenda kuona mbio, ni vyema tuelewe kipimo hicho kinapima nini.

Kwa magari ya rali, kanuni za kiufundi za Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Magari (FIA) zimekuwa zikitaka kelele ya bomba la moshi isizidi desibeli 103 gari linapopita kwenye barabara ya kawaida. Gari husimamishwa, injini ikapandishwa hadi mizunguko 3,500 kwa dakika, na kipima sauti kikawekwa nusu mita tu kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45. Pikipiki za motokrosi hupimwa kwa njia nyingine: mkaguzi hukaa mita 2 nyuma, kipimo kikiwa kimo cha mita 1.35, halafu akseleta hufunguliwa ghafla hadi mwisho. Kikomo chake kwa kawaida huwa juu ya desibeli 110.

Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Kinamnasa aliyetoboa sailensa au aliyeiacha nyumbani, na kinasaidia waandaaji kuelewana na majirani na wenye mashamba. Lakini kinapima bomba. Hakuna aliyepima pale mwanao aliposimama.

Katika uwanja wa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua takriban desibeli 6. Gari lililopimwa 103 kwa nusu mita litasikika kama 97 kwa mita moja na 85 kwa mita 4. Hapo ni likiwa limesimama. Likiwa mbioni injini huzunguka kasi zaidi, na ile milio ya kupasuka kama risasi dereva anapoachia akseleta haimo katika hesabu ya mizunguko 3,500.

Kisha kuna hesabu ambayo watu husahau. Pikipiki hupimwa moja moja lakini huondoka pamoja. Vyombo 10 vyenye kelele sawa vikinguruma kwa wakati mmoja huongeza desibeli 10 juu ya kelele ya kimoja. Kwenye motokrosi mstari wa kuanzia unaweza kuwa na pikipiki 40. Ongeza vipaza sauti vya mtangazaji na muziki, na hapo ndipo yule kijana wangu alikuwa amesimama, kwenye uzio karibu na mstari, kwa sababu ndipo raha ilipo.

Nisiwatishe bure. Tangu Safari Rally iliporejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, maelfu hufurika Naivasha, na anayetazama gari likipita kwa sekunde chache kutoka kilimani hana sababu kubwa ya kuhofu. Vumbi litamsumbua zaidi. Wasiwasi wangu uko kwa wanaokaa mahali pamoja siku nzima: karibu na mstari wa kuanzia, kwenye eneo la mafundi, au kando ya spika. Wachuuzi wa maji na mahindi, ambao baadhi ni watoto, huwa hapo kutoka asubuhi mpaka jioni.

Shirika la Afya Duniani (WHO), likizungumzia usikilizaji wa muziki, humpa mtoto saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 75. Kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda huo nusu. Ukifuata hesabu hiyo, kwenye desibeli 99 mtoto humaliza fungu la wiki nzima kabla ya dakika 10. Chembechembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, chini ya NEMA, nayo Tanzania ina zake za 2015. Ninachotaka kuona ni kipimo kikihamishwa pia hadi kwenye uzio. Si jambo geni. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, sauti ifuatiliwe muda wote wa onyesho, watu wapatiwe vikinga masikio, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Sioni kwa nini mwandaaji wa mbio anayeweza kupima pikipiki zote asubuhi ashindwe kuweka kipima sauti kimoja upande wa mashabiki.

Wakati tunasubiri, mzazi, tumia sauti yako. Ikibidi umpigie kelele mtu aliye umbali wa mkono ili akusikie, hapo ni pakali mno kwa mtoto; rudini nyuma. Mnunulie vikinga vya kufunika sikio lote, vile vinavyofanana na hedifoni. Pamba haisaidii. Vizibo vidogo vya sponji usimpe mtoto mdogo, anaweza kuvimeza au vikamkaba. Mtoto mchanga mwache na shangazi nyumbani.

Mlio sikioni au usikivu uliofifia ukizidi siku moja, mpeleke akapimwe. Na yeyote, mkubwa kwa mdogo, ambaye sikio limeziba ghafla asisubiri wiki ipite: dawa zinazoweza kuokoa usikivu hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika siku za mwanzo.

Yule kijana tulimpima tena baada ya wiki tatu. Nyenje amenyamaza. Sikio la kulia liko sawa; la kushoto bado halizisikii vizuri sauti nyembamba, na tumepanga kulipima tena mwezi ujao.