Kijana akiuliza "kwa dalili gani?" hajavunja heshima

 

Wiki chache zilizopita mzee mmoja alitufuata barazani baada ya sala ya Ijumaa akiwa na malalamiko juu ya mwanawe aliye mwaka wa pili chuo kikuu. Kijana huyo alirejea nyumbani likizoni, akamkuta baba yake na ami zake wawili wamekaa kugawa shamba la minazi aliloliacha marehemu babu yake. Mgawo ulikuwa wa wanaume watatu. Mashangazi wawili, ambao wakati huo walikuwa jikoni wakiwapikia chakula hao wagawaji, hawakutajwa. Kijana akauliza: "Baba, ni kwa dalili gani shangazi zangu hawamo?" Akajibiwa kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wao. Naye, mbele ya wageni, akasema kuwa hilo si jibu, na kwamba chuoni wamefundishwa kuwa mazoea si hoja. Mzee alimaliza maelezo yake kwa uchungu: "Chuo kimeniharibia mtoto."

Tulimsikiliza hadi mwisho. Siku ile hatukumjibu kwa kirefu, kwani mtu mwenye hasira hapewi darsa. Lakini malalamiko ya namna hii tumeyasikia kwa wazazi wengi, kutoka Tanga hadi Mtwara, nasi tumeona si haki kuyanyamazia.

Somo alilolitaja kijana lipo. Vyuo vikuu vyetu kadhaa, kikiwemo cha Dar es Salaam, vinafundisha fikra tunduizi na namna ya kujenga hoja. Mwanafunzi hufundishwa kutenganisha dai na ushahidi wake. Hufundishwa pia kuyatambua makosa ambayo watu huyafanya kila siku katika kuhojiana: kumshambulia msemaji badala ya maneno yake, kuegemea wingi wa watu, kuegemea mila. Na hufundishwa jambo moja ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye faida kuliko yote, nalo ni kuitafuta ile dhana ambayo msemaji ameificha, aghalabu bila mwenyewe kujua kuwa ameificha.

Tuchukue mfano wa shamba lile lile. Ami mmoja alisema kuwa dada zake wameolewa, kwa hiyo hawana haja ya urithi. Ukiyasikia maneno hayo kwa haraka, yanaonekana kuwa na sura ya hoja. Lakini kati ya "wameolewa" na "hawarithi" pana daraja ambalo halikutajwa: kwamba urithi hutolewa kwa kadiri ya haja ya mtu, na kwamba ndoa huiondoa haja hiyo. Daraja hilo likitamkwa kwa sauti, kila aliyepita katika Sura ya An-Nisaa atalikataa papo hapo. Aya ya 7 ya sura hiyo imewawekea wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kikubwa, na aya ya 11 imetaja kipimo: mwana wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Hakuna palipotajwa kwamba aliyeolewa amekosa. Isitoshe, lau haja ndiyo ingekuwa kipimo, basi ami huyo mwenye duka mjini angekuwa wa kwanza kutolewa!

Je, kijana aliyeuliza swali lile alijifunza uasi? Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 111, inawataka wenye madai walete uthibitisho wao. Na katika aya ya 170 ya sura hiyo hiyo inawalaumu wanaojitetea kwa kusema kuwa wanafuata tu waliyowakuta nayo baba zao. Jibu alilopewa kijana, kwa masikitiko makubwa, linafanana mno na utetezi huo. Tunalisema hili kwa heshima kwa mzee wetu, ambaye ni mtu wa safu ya mbele na hatumdhanii kuwa alikusudia dhulma.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitanguliza kitabu chake cha misingi ya fiqhi, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki, akaona kuwa asiyeijua elimu hiyo haaminiki katika elimu zake nyingine. Walikuwapo waliompinga. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika kitabu kizima kuwarudi wanamantiki. Na mwenye kukisoma ataona kuwa amewarudi kwa hoja juu ya hoja, wala hakutosheka kuwaambia wanyamaze.

Hata hivyo, mfano tunaoupenda zaidi ni wa zamani kuliko hao. Baada ya vita vya Siffin vya mwaka 657, kundi kubwa lilijitenga na Sayyidna Ali (RA) na kupiga kambi Harura, karibu na Kufa. Ndio walioitwa Khawarij. Ibn Abbas (RA) aliomba ruhusa kwenda kusema nao. Alifika amevaa nguo nzuri ya Yemen, nao wakaanza na nguo. Tazama jinsi mambo yasivyobadilika: hata wakati ule waliokosa hoja walianzia kwenye mavazi ya msemaji.

Yeye hakuanza kwa kuwahubiria. Aliwauliza ni lipi wanalomlaumia Ali. Wakataja la kwanza, kwamba amewafanya watu kuwa waamuzi katika jambo la Mwenyezi Mungu. Akauliza la pili, wakasema kuwa amepigana katika vita vya Ngamia bila kuchukua mateka wala ngawira. Akauliza la tatu, wakasema kuwa amekubali kufutiwa cheo cha Amiri wa Waumini katika hati ya sulhu. Akauliza kama lipo jingine, wakasema hayo yanatosha. Ndipo akawauliza kama watarejea iwapo atawajibu kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake. Wakakubali.

Sasa akajibu moja baada ya jingine. Juu ya waamuzi, aliwakumbusha kuwa Qur'ani yenyewe imeagiza waamuzi wawili wawekwe kati ya mume na mke wanaogombana, na watu wawili waadilifu waamue fidia ya mnyama aliyewindwa na mtu aliye katika ihramu. Basi damu za Waislamu je? Juu ya mateka, aliwauliza kama wangekuwa radhi kumteka mama yao, Bibi Aisha (RA), aliyekuwamo katika vita vile. Juu ya cheo, aliwakumbusha Hudaybiya, pale Mtume (SAW) mwenyewe alipokubali neno la utume wake lifutwe katika hati. Na kila alipomaliza jibu moja aliwauliza kama wameridhika nalo, ndipo akaenda kwenye jingine. Riwaya mojawapo inataja kuwa watu 2,000 walirejea siku ile, bila upanga kuchomolewa.

Mwalimu yeyote wa chuo kikuu anayefundisha ujengaji hoja angeweza kulifundisha somo lake lote kwa kisa hiki. Madai yamekusanywa yote kabla ya kujibiwa. Pande zote zimekubaliana kwanza juu ya kinachohesabika kuwa ushahidi. Na wenye madai wametajiwa maneno yao kama walivyoyasema, bila kupunguzwa wala kupotoshwa.

Hapa ndipo tunapomgeukia kijana wetu, kwani naye hakutoka salama. Swali lake lilikuwa la haki. Jibu lake la pili ndilo lililoharibu. Kumwambia baba mbele ya wageni kwamba maneno yake si jibu ni kumfungia mlango wa kurudi nyuma. Imepokewa kuwa Imamu Abu Hanifa alimkataza mwanawe Hammad kujadiliana, na alipoulizwa mbona yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo, alieleza kuwa wao walijadiliana kana kwamba vichwani mwao wametua ndege, kwa kuogopa mwenzao asiteleze, ilhali vijana wanajadiliana wakitamani mwenzao ateleze. Tofauti hiyo haipatikani kwa mtihani. Tuseme kweli, hata baadhi ya mihadhara yetu ya hadharani imewafundisha vijana kuhesabu takbira za wasikilizaji badala ya kupima hoja.

Vyuo navyo vina upungufu wao. Ukumbi mmoja hujaa mamia ya wanafunzi, na wengi wao hupita mitihani kwa kukariri madesa, kama wanavyoyaita wenyewe. Wakayataja makosa kumi ya hoja kwa majina bila kuweza kulitambua hata moja linapotumwa kwenye simu zao na mtu wanayempenda. Tena hayo yote hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi hawakuizoea tangu utotoni. Kijana akirudi nyumbani ana istilahi za darasani, hana maneno ya barazani.

Lakini lawama kubwa tunaiweka majumbani mwetu. Mtoto wa miaka saba akiuliza kwa nini, huambiwa anyamaze, mkubwa hasailiwi. Madrasani hali ni hiyo hiyo, na mara nyingine kuna kiboko. Kisha tunamtuma chuo kikuu akiwa na miaka ishirini, akakutane na ruhusa ya kuuliza kwa mara ya kwanza, miongoni mwa wageni, bila yeyote wa kumwonesha namna ya kuuliza kwa adabu. Akirudi nayo ikiwa mbichi, tunashangaa.

Mzee yule alitujia tena Ijumaa iliyopita. Tulikuwa tumemshauri amwombe mwanawe aandike hoja yake kwenye karatasi, aanze kwa kuyaeleza maneno ya ami zake kwa namna ambayo wao wenyewe wataikubali, ndipo ajibu. Kijana ameandika kurasa mbili kwa Kiswahili, na alikiri kwa baba yake kwamba lugha ilimtaabisha kuliko hoja. Mwishoni ameweka hesabu: kwa kuwa marehemu hakuacha mke wala mzazi, na deni wala wasia hakuna, shamba ni mafungu 8, wanaume watatu mawili mawili, mashangazi wawili moja moja. Mzee ameisoma mara mbili, na amempelekea sheikh wa mirathi aihakiki. Ami mkubwa amekubali kukaa tena, safari hii dada zake wakiwa barazani. Mwenye duka bado hajajibu.