Wazee Wapige Magoti
Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ya kuoshana miguu, na alfajiri hiyo wanafunzi waliokuwa wakisali katika Chuo Kikuu cha Garissa walishambuliwa. Watu 148 waliuawa chuoni humo. Tangu hapo siwezi kuitazama ibada ile kama desturi tu. Wakristo wa Waberi, hapa mjini Garissa, na mitaa jirani ni wachache, wengi wao walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka bara. Kijana hapa yuko mbali na nyanya yake, na mzee wa kanisa ndiye mzazi aliye karibu. Basi mzee huyo ashike beseni, apige magoti, na ibada ikiisha amwulize kijana anaogopa nini, wala asimkatize. Kijana naye awasikilize waliobaki hapa baada ya makanisa mawili kushambuliwa Julai 2012. Lakini kusikilizana hakutoshi bila wazee kuwaachia vijana nafasi, na mfano tunao: mwaka 2022 Askofu Joseph Alessandro, Mmalta aliyewahi kupigwa risasi nchini humu na bado akarudi kuhudumu, alimwachia jimbo la Garissa Mkenya, George Muthaka. Mabaraza ya wazee makanisani yafuate mfano huo, na yaanze kwa kuwakabidhi vijana ufunguo wa sanduku la sadaka.