Bibi anasahau? Tusiseme ni uzee tu



Katika nyumba zetu nyingi yupo bibi au babu anayeuliza mara tano kama Adhuhuri imeshaswaliwa, au anayepotea njia ya msikiti alioswali maisha yake yote. Wengine husema ni uzee. Wengine husema ana jini. Na mahali pengine, Allah atuepushe, bibi wa namna hiyo huitwa mchawi.

Haya ni maradhi, na wataalamu huyaita dimenshia. Ubongo huharibika kidogo kidogo, kumbukumbu hupotea, mwishowe hata kuoga na kuvaa humshinda mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wanaugua. Basi tusidhani ni maradhi ya Ulaya.

Wapo wanaotoa hoja kwa hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, inayoutoa uzee katika mambo yenye dawa. Hadithi hiyo ni kweli ipo. Lakini inaanza kwa kutuamrisha tujitibu! Uzee hauna dawa; maradhi yanayompata mzee ni jambo jingine, na mengi yana kinga.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia, likakadiria kuwa yakiondolewa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa maradhi haya. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, ulevi, unene, kukaa bila mazoezi, kuumia kichwa, kutosikia, kutoona vizuri, upweke, hewa chafu na elimu ndogo.

Nasisitiza presha. Huharibu mishipa midogo ya damu ubongoni kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Wilayani Hai kulekule, karibu wazee saba katika kumi walikutwa nayo. Madhara yake kwa ubongo huanza kujengeka umri wa makamo, wakati mtu bado anajiona mzima. Kwa hiyo kinga ya babu wa kesho ni kumpima baba wa leo.

Je, inawezekana bila madaktari bingwa? Ndiyo. Huko China, katika vijiji 326, watu wapatao 34,000 wa miaka 40 na zaidi wenye presha walifuatiliwa kwa miaka minne. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa kijijini waliwapima, wakawapa dawa na kuwakumbusha kuzimeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa huko dimenshia ilipungua kwa asilimia 15 kuliko katika vijiji vingine.

Rai yangu kwa kamati za misikiti ni hii. Tunachangishana mazulia na vipaza sauti, na ni kheri. Tununue na mashine moja ya kupimia presha. Mara moja kwa mwezi, baada ya Swala ya Ijumaa, muuguzi au mhudumu wa afya wa mtaa awapime waliofikia miaka 40. Kinamama wapimwe siku ya darsa lao. Atakayekutwa na 140/90 au zaidi, na akirudia siku nyingine ikawa hivyo, aende kituo cha afya.

Nyumbani, tupunguze chumvi. Dawa ya presha usiiache kwa kuwa umejisikia nafuu, na kabla ya Ramadhani muulize tabibu namna ya kuipanga kati ya futari na daku. Kijana wa bodaboda avae kofia ngumu. Mzee asiyesikia apelekwe akaangaliwe masikio, na mwenye mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji, kwani asiyesikia wala kuona hujitenga na watu, na upweke nao huumiza ubongo.

Akiwa tayari anasahau, mpeleke hospitali. Dua ni jambo jema, lakini isichukue nafasi ya vipimo. Hasa akichanganyikiwa ghafla, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo, na hayo yanatibika. Usimfungie ndani wala usimkemee kwa kuuliza tena. Surat Bani Israil imetuagiza adabu ya kuwatazama wazazi wanapofikia uzee mikononi mwetu, na haikumtoa anayesahau majina yetu.

Ijumaa ijayo, muulize mwenyekiti wa kamati yako: mashine ya presha tunanunua lini?

Wabillahi tawfiq.