MLANGO WA DHARURA NA KUFULI HAVIPATANI

Ndugu Wanachama,

Wako wenye majengo hapa Chanika waandikao juu ya mlango wa nyuma maneno "Mlango wa Dharura," kisha huutia kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa msimamizi. Ukiwauliza sababu, jibu lao ni moja: wezi. Jibu hilo nalipinga.

Huko New York, mwezi wa Machi 1911, wenye kiwanda cha nguo cha Triangle nao walihofia wizi. Moto ulipozuka, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, wakafa watu 146. Tena si mambo ya ng'ambo tu. Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli nchini Kenya liliungua, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Je, kufuli lile lilimzuia mwizi gani?

Dawa ya ugonjwa huu ilikwisha patikana zamani. Moto wa ukumbi wa Iroquois, Chicago, Disemba 1903, uliua watu zaidi ya 600. Baada ya msiba ule Bwana Carl Prinzler, muuza vyuma wa Indianapolis, alishirikiana na Bwana Henry DuPont, wakabuni komeo la kusukuma, lililoanza kuuzwa mwaka 1908. Ni chuma kirefu kilicholazwa kukingama mlango kwa ndani. Mtu akikisukuma, hata gizani, hata kwa kifua, ulimi wa kitasa hurudi na mlango hufunguka kwenda nje. Upande wa nje hauna mkono, basi mwizi hapati pa kushika. Mwenye kuhofia wizi wa ndani na aongeze kengele iliayo mlango ufunguliwapo.

Ulaya wametenga vipimo viwili. Namba EN 1125 ni ya komeo la chuma kirefu, lifaalo maduka, kumbi na mahali pote waingiapo wageni. Namba EN 179 ni ya mkono au kibao cha kusukuma, kifaacho ofisi ambamo watumishi wote waujua mlango. Haifai kununua cha pili kwa ajili ya ukumbi wa arusi kwa sababu ni rahisi.

Ndugu makarani, kalamu zetu ndizo ziandikazo orodha za vifaa. Kabla hujaandika "kufuli moja," jiulize: Je, mgeni ataufungua mlango huu bila ufunguo? Kwa tendo moja tu? Bila kufundishwa? Likikosekana jibu la ndiyo mara tatu, mrudishie bwana mkubwa karatasi yake, kwa adabu, na sababu uiandike.

Komeo ni ghali kuliko kufuli, sikatai. Lakini mali iliyoibwa hununuliwa tena. Roho haina duka.

Wasalaam,
Mwanachama, Chanika.