Beni: kura ya mfano ya 2018 ilikuwa pia ujumbe kuhusu Ebola

Tarehe 30 Desemba 2018, wakati wakaaji wa Kinshasa, Goma na Lubumbashi walikuwa wakipiga kura, watu wa Beni nao waliamka mapema na kupanga mistari mirefu. Walinawa mikono kwanza, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofundishwa tangu ugonjwa ulipoingia. Kisha kila mmoja akachukua karatasi, akaonyesha anayemtaka awe rais, akaitumbukiza. Hapakuwa na mashine ya kupigia kura wala mtu wa CENI, na kila aliyesimama kwenye mstari alijua kwamba kura yake haitahesabiwa popote.

Siku nne mbele, tarehe 26 Desemba, CENI, iliyokuwa ikiongozwa na Corneille Nangaa, ilitangaza kwamba uchaguzi wa Beni na Butembo, pamoja na Yumbi katika jimbo la Mai-Ndombe, utasogezwa hadi Machi 2019. Kwa Kivu Kaskazini sababu zilikuwa mbili: Ebola na usalama. Lakini rais mpya angeapishwa Januari. Kwa maneno mengine, wapiga kura zaidi ya milioni 1 waliambiwa wasubiri kumchagua mtu ambaye angekuwa tayari amekaa kwenye kiti.

Hasira ya Beni haikutoka kwenye siasa peke yake, ingawa ni kweli pia kwamba eneo hilo lilijulikana kuwa ngome ya upinzani, na wengi waliona mkono wa serikali nyuma ya tangazo hilo. Hoja yao kubwa ilikuwa rahisi. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa kila Jumapili. Mwanzoni mwa mwezi huohuo Martin Fayulu alikuja Beni kufanya kampeni, umati ukamzunguka, na Ebola haikutajwa kuwa kizuizi. Kwa nini basi virusi viwe hatari siku ya kura tu?

Kulikuwa na jambo lingine zito zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa vijijini na hata pembeni ya mji, mauaji ambayo kwa sehemu kubwa yanahesabiwa kuwa kazi ya waasi wa ADF. Kwa miaka minne walilia, wakafanya maandamano na siku za ville morte, bila kuona serikali ikisimama imara. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, magari, pesa na wataalamu wakaja haraka. Watu wakajiuliza ugonjwa huu una nini ambacho mapanga hayakuwa nacho. Ndipo yakaanza maneno ya “biashara ya Ebola”, na riposte, jina ambalo kila mtu alilitumia kwa timu za kupambana na ugonjwa, likaanza kutajwa kwa dharau.

Hili si neno la mitaani tu. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018, ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet Infectious Diseases, uliuliza watu wazima 961. Wasiofika theluthi moja ndio waliosema wanaamini viongozi wa mahali pao kutetea masilahi ya raia. Robo moja hawakuamini kwamba Ebola ipo. Asiyeamini alikuwa mgumu zaidi kukubali chanjo au kumpeleka mgonjwa wake hospitali.

Juu ya udongo kama huo, tangazo la CENI lilikuwa petroli. Tarehe 27 Desemba waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa huko Beni, na watu waliodhaniwa kuwa na Ebola wakakimbia. Tendo hilo halina utetezi: lilihatarisha familia za waandamanaji wenyewe. Lakini siku tatu baadaye mji huohuo ulitoa jibu la namna nyingine, na hilo ndilo ambalo halikusikilizwa vya kutosha. Kwa kunawa mikono mbele ya kisanduku, wakaaji walionyesha kwamba wanaujua ugonjwa, wanazijua kanuni zake, na wako tayari kuzifuata ikiwa watatendewa kama raia. Kwa wahudumu wa afya waliohangaika miezi mitano kutafuta masikio ya watu, mstari ule ulikuwa mlango uliofunguka. Kinshasa iliuona kama siasa tu.

Wakati huo wagonjwa walioandikishwa walikuwa karibu 600. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamefika 3.470, na waliokufa 2.287. Haiwezekani kubebesha uamuzi mmoja wa CENI vifo hivyo vyote. Vita, barabara mbovu na makosa ya riposte yenyewe vina sehemu yao. Hata hivyo mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa vituo kushambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari wa OMS, Richard Mouzoko, raia wa Kamerun, aliuawa ndani ya hospitali huko Butembo. Na Machi 2020 Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kufuja pesa za Ebola, hukumu ambayo wengi Beni waliiona kama uthibitisho wa yale waliyokuwa wakisema, ingawa mwenyewe alikana.

Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019 bila kura ya Beni wala Butembo. Tarehe 31 Machi wakaaji waliitwa kuchagua wabunge, na Ebola ilikuwa bado ipo, tena ikipanda. Hakuna aliyewaeleza ni nini kilichokuwa kimepungua kati ya Desemba na Machi.

Nangaa leo ni kiongozi wa AFC, muungano ambao M23 ni sehemu yake na ambao unashika Goma tangu Januari 2025. Beni ilimpigia rais kura Desemba 2023, mara ya kwanza tangu 2011. Mara hiyo waliobaki nje walikuwa jirani zao wa Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita.