Bibi Asifanyiwe, Afundishwe

Pendekezo lenyewe ni rahisi kulieleza. Huduma za simu zitengenezwe kwa kutambua kwamba mzee anayezitumia mara nyingi hayuko peke yake. Pembeni yake yupo mjukuu, mpwa au binti wa jirani anayemwelekeza. Huduma zimsaidie kijana huyo kufundisha, ili mzee afike mahali pa kujifanyia mwenyewe. Wanaopinga wametoa hoja sita. Nitazipitia moja moja kama wenyewe wanavyozieleza, nanyi mpime. Kwa wazee wa Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni mkoani Singida jambo hili lina uzito: pesa ya alizeti, pesa ya mtoto aliyeko mjini, hata namba ya ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, vyote vinadai mtu anayejua kilichoandikwa kwenye simu yake.

Hoja ya kwanza: wazee hawafundishiki. Macho yamefifia, kusoma ni kwa shida, na linalofundishwa leo kesho limesahaulika. Kwamba macho hufifia, ni kweli. Lakini hitimisho linakanushwa na historia ya nchi hii. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa vijijini, na kufikia 1977 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 27. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Miongoni mwa walimu wa kisomo walikuwamo vijana waliomaliza darasa la saba, na waliokaa mbele yao walikuwa watu wa umri wa wazazi wao. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo leo amevuka 70. Kijana kumfundisha mkubwa wake tulishalifanya nchi nzima, likazaa matunda.

Kuna ukinzani pia. Mzee akitapeliwa, wasemaji hawa hawa humlaumu: alionywa, kwa nini alitaja namba ya siri? Kama hafundishiki, lawama hiyo haina msingi. Kama anastahili lawama, basi anafundishika. Wachague moja.

Hoja ya pili: mjukuu amfanyie tu, yaishe. Kusaidiana ndiyo desturi yetu, na kijana anamaliza kwa dakika moja kazi ambayo ingemchukua bibi nusu saa. Sibishani na desturi. Naomba tu mtazame kinachotokea. Bibi anamkabidhi mjukuu simu yake ndogo ya kitochi. Mjukuu anabonyeza *150*00#, orodha inafunguka, anachagua kutuma, anaingiza namba ya mpokeaji, anaingiza kiasi, kisha anauliza, "Bibi, namba ya siri?" Bibi anaitaja kwa sauti, na waliokaa karibu wanasikia. Kila kampuni ya simu inawaambia wateja wasimpe mtu yeyote namba ya siri. Hoja hii inaitaka familia ivunje kanuni hiyo kila mara bibi anapohitaji pesa yake. Na siku mjukuu yuko shuleni, bibi anaitaja namba ile ile kwa wakala, mtu anayelipwa kamisheni kwa muamala na halipwi chochote kwa kufundisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ukimweka kijana karibu na simu ya mzee, umefungua mlango wa wizi. Wapo wajukuu waliotoa pesa za bibi zao bila ruhusa, na anayekana hilo haishi na watu. Lakini tuulize: aliyeiba aliwezaje? Aliijua namba ya siri. Na aliijuaje? Alikuwa akifanya kwa niaba. Kwa hiyo ushahidi wa hoja ya tatu unaiangusha hoja ya pili, wala haugusi pendekezo letu. Wengi wanazitoa zote mbili kwa pamoja: familia inatosha, na familia haiaminiki. Anayefundisha hahitaji namba ya siri ya mwanafunzi wake. Anachohitaji ni hali ya mazoezi ndani ya huduma, yenye pesa ya majaribio na namba ya siri ya majaribio, ambamo bibi anaweza kukosea mara nyingi bila kupoteza shilingi. Kwenye simu janja, kijana aliye mbali aone bibi amefikia hatua gani, lakini salio na namba ya siri vifichwe. Ulinzi ukijengwa hivyo, kijana mwaminifu anafundisha kwa raha na asiye mwaminifu hapati kitu.

Hoja ya nne: tatizo ni ugumu wa mitambo, kwa hiyo wekeni herufi kubwa na vitufe vichache, somo halitahitajika. Nusu ya hoja hii naikubali bila masharti. Orodha inayojifunga bibi akiwa bado anatafuta tarakimu inapima kasi ya vidole, na hakuna sababu mzee apewe muda sawa na kijana wa miaka 18. Lakini herufi kubwa hazimkingi mtu dhidi ya ujumbe unaosema, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Ujumbe huo ukiandikwa kwa herufi kubwa, bibi atausoma vizuri zaidi na atatapeliwa vilevile. Kinachomkinga ni mazoea: kuhakiki jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, kumpigia anayedaiwa kutuma ujumbe, kuutuma ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Mazoea hayo hujengwa kwa kurudia ukiwa na mtu unayemwamini. Urahisi wa mitambo unapunguza kazi ya mwalimu, haumwondoi mwalimu.

Hoja ya tano: vijana wenyewe hawapo. Wamekwenda Dodoma, Arusha na Dar es Salaam, na kijijini wamebaki wazee na watoto. Hali hiyo ni ya kweli katika nyumba nyingi za Singida, na ndiyo sababu kubwa ya kutaka teknolojia ibuniwe upya. Mjukuu akipiga simu kueleza hatua, bibi ameiweka simu sikioni, kioo hakioni. Akiitazama, sauti haisikii vizuri. Ugumu huo unatatulika. Mjukuu arekodi maelezo hatua kwa hatua kwa sauti yake, kwa Kiswahili, Kinyaturu au Kinyiramba. Bibi apige namba fupi, asikilize hatua moja, akate, ajaribu, kisha apige tena kusikia inayofuata. Hilo linawezekana kwenye kitochi bila intaneti. Na watoto waliobaki nyumbani, ambao hoja hii inawataja kisha inawasahau, ni walimu pia. Teresa Correa, aliyechapisha mwaka 2014 utafiti wake kuhusu familia za Chile, alikuta watoto wakiwafundisha wazazi teknolojia, hasa katika familia za kipato cha chini.

Hoja ya sita: muda utamaliza tatizo, kwa kuwa kizazi cha leo kimezaliwa na simu mkononi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Aliyekuwa na miaka 45 mwaka ule amekwisha vuka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee, na bado tunajadili suala lile lile. Huduma nazo hazisimami: aliyeizoea Tigo Pesa alijikuta mwaka 2024 akitumia Mixx by Yas, yenye jina na sura mpya. Kijana anayedharau somo la bibi leo atahitaji somo la mjukuu wake, kwa mitambo ambayo bado haijabuniwa. Kusubiri kunamhamishia mzigo mtu mwingine, na kwa sasa kunamnyima haki aliye hai.

Zikiondolewa hoja zinazokanushana, kinachobaki ni madai mawili ya haki: wizi uzuiwe na mitambo irahisishwe. Yote mawili yamo ndani ya pendekezo. Kwa hiyo kampuni au ofisi yoyote inayojisifu kuwafikia wazee isipimwe kwa idadi ya laini ilizosajili. Ipimwe hivi: baada ya msimu mmoja wa mavuno, bibi wa Sepuka au Ndago, mjukuu akiwa hayupo, aweze kutuma pesa kwa mtu sahihi, kusoma salio lake, na kuukataa ujumbe wa tapeli bila kumwita mtu. Huduma isiyomfikisha hapo haijamfikia.