Daftari la Shukrani

Ndugu msomaji, daftari lako la kisomo liko wapi? Huenda lina orodha ya madeni tu. Mimi nasema lipewe kazi nyingine. Kila jioni andika jambo moja au mawili yaliyokufaa siku hiyo. Usiandike "nashukuru kwa yote". Hiyo ni uvivu. Andika: "Jirani kaniazima jembe, nimemaliza palizi kabla ya mvua."

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Wanafunzi walioandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, waliyaridhia maisha yao zaidi, na maradhi waliyoyalalamikia yalikuwa machache kuliko ya wale walioandika kero.

Lakini faida ninayoipenda mimi ni ubunifu. Anayetafuta la kuandika hulazimika kutazama. Ataona mche wa nyanya ulio karibu na mtungi unaovuja umestawi kuliko mingine. Kesho atatoboa makopo, ayafukie kando ya miche na kuyajaza maji.

Tusidanganyane, daftari si dawa. Mwenye huzuni ya wiki mbili mfululizo, hali wala halali, aende zahanati. Wala shukrani isikuzibe mdomo kisima kikiharibika. Hilo lipeleke kwenye mkutano wa kijiji.

Kama kila siku ni kazi, andika mara moja kwa wiki. Ambaye bado hajajua kuandika amsimulie mwanawe, naye mtoto aandike.